Walivyomshusha Mke Mwenzangu Mlimani

Mke mwenzangu aliingia nyumbani kwangu akiwa ameshika pasi ya makaa. Wenziwe huolewa na masanduku na vyombo na msururu wa mashangazi. Yeye alikuja na pasi nzito yenye jogoo wa shaba juu ya kifuniko, na furushi la nguo ambalo hata paka angeweza kulibeba. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hiyo pasi ni ya kunichoma mimi au ya kumchoma bwana?" nikamwuliza.

Akacheka mpaka pasi ikamtingishika mkononi. Mimi sikuwa nafanya mzaha.

Mume wetu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi baiskeli, mtu mwema asiyejua kukataa. Niliapa mbele ya mawifi zangu kwamba msichana yule hatamaliza mwaka. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, mume akafa, wanangu wakaoa na kuolewa, nyumba ikabaki na sisi wawili, Bi Mkubwa na Bi Mdogo. Mpaka leo mawifi wananikumbusha kile kiapo. Nawajibu kwamba sijakivunja, nilisema hatamaliza mwaka, sikusema mwaka gani.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi nguo za watu. Chumba cha mbele kilikuwa chake, dirisha likitazama njia, meza ndefu imetandikwa blanketi kuukuu na juu yake shuka lenye madoa ya kuungua. Asubuhi anawasha makaa uani, anayapepea mpaka yageuke mekundu kote, anayatia ndani ya pasi. Halafu analowesha ncha ya kidole kwa mate na kugusa chuma. Kikisema chwi kwa sauti aliyoitaka, anaanza. Kola kwanza, halafu mabega, halafu mikono, kifua cha shati mwisho. Zamani alijaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya nguo. Mteja mmoja, karani mwenye maringo, akasema hataki kuvaa mate ya mtu, basi Bi Mdogo akatoboa kifuniko cha chupa akawa ananyunyiza. Lakini shati la yule karani, mimi nilikuwepo, aliendelea kulipuliza kwa mdomo.

"Anapendeza zaidi hivi," alikuwa akisema.

Mtaa mzima ulimwita Bi Pasi. Alisimama pale toka jua la asubuhi hadi giza, miaka na miaka, na hakupata mtoto wa tumbo lake. Aliwapata wangu. Kitinda mimba wangu alimwita mama kabla hajaniita mimi, nikawanunia wote wawili, na hakuna aliyejali.

Kitu kimoja lazima nikiseme wazi, maana bila hicho hadithi hii haieleweki. Bi Mdogo alikuwa na haya ya choo. Nimeishi naye ujana na uzee, nimemwogesha akiwa na homa, lakini sijapata kumwona akienda chooni kama watu wanavyokwenda. Alikuwa anabeba ndoo yenye nguo juu, kana kwamba anakwenda kufua. Akimkuta mtu uani, anarudi na ndoo yake anajifanya amesahau sabuni. Nilimcheka sana kwa hilo.

"Wewe huna kibofu kama sisi? Malaika?"

"Dada, mambo mengine ni ya mtu na Mungu wake."

Miguu yake ilikuwa ikivimba kila jioni. Yeye aliiita miguu ya pasi, na sisi sote tukaiita hivyo. Mtu anayesimama kutwa miguu itavimba, nani asiyejua? Alikuwa anaiweka juu ya kigoda, asubuhi imeshuka, maisha yanaendelea. Ikafika wakati asubuhi haishuki. Ikafika wakati pumzi inamwishia katikati ya shati moja, anasimamisha pasi, anashika ukingo wa meza. Mito kitandani kwake ikaongezeka mpaka akawa analala ameketi kama mtu anayesubiri mgeni.

Nilimburuta zahanati. Sina neno jingine, nilimburuta. Daktari akambonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale kama umekanyaga udongo mbichi.

"Hii si miguu ya kusimama, mama," daktari akasema. "Moyo umelegea. Hausukumi damu vizuri, maji yanabaki mwilini. Yameanza miguuni, yanapanda. Yakifika kifuani utazama hapa hapa nchi kavu."

Akampa vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila asubuhi bila kuruka. Vya kutoa maji, yaani vidonge vya mkojo. Na kweli vilifanya kazi. Ndoo ya nguo ikawa inavuka ua asubuhi nzima, kwenda na kurudi, mpaka majirani wakaniuliza siku hizi tunafua nguo za jeshi? Miguu ikashuka. Pumzi ikarudi. Akaanza tena kucheka cheka.

Ndipo akasikia habari za msafara wa kwenda mlimani.

Mlima wenyewe kila mtu anaujua, mwaka hadi mwaka watu wanakwenda kwa maelfu kuhiji, kupanda hadi kileleni na kupeleka maombi yao. Wanasema anayefika juu kwa miguu yake harudi na mzigo aliopanda nao. Bi Mdogo akataka kwenda kuomba moyo mpya.

"Mlima unapandwa na wazima," nikamwambia.

"Wazima wana ombi gani, dada? Wenye shida ndio wanaokwenda."

"Na ukianguka?"

"Utaniokota. Si unakuja?"

Mimi si mtu wa milima. Sala zangu nasalia jikoni na naamini zinafika. Lakini nilijua nikikataa ataondoka bila mimi, na nani atamwambia ukweli huko? Nikafunga furushi. Vidonge nikavichukua mimi, kwa sababu sikumwamini, na kila asubuhi nikawa nampa kimoja kwa mkono wangu pamoja na maji, nasimama hadi anameza.

Kiongozi wa msafara wetu tulimwita Kipaza, maana kipaza sauti chake hakikumtoka mkononi, hata akiomba chumvi aliiomba kwa kile chombo. Kabla basi halijang'oa nanga alitangaza, "Wapendwa, dereva hasimami ovyo! Mwenye haja zake azimalize hapa!" Watu wakacheka. Bi Mdogo hakucheka. Sikulitilia maanani.

Chini ya mlima tulikuta mji wa mahema. Sijapata kuona watu wengi hivyo mahali pamoja. Vipofu, viwete, wajawazito, watu waliobebwa migongoni, wazee wenye vikohozi vya kila aina. Kama hospitali zote zimefunguliwa milango wagonjwa wakatoka siku moja. Kulikuwa na lango la mawe lililopambwa maua, zuri kweli. Kulikuwa na jukwaa na taa na vipaza sauti juu ya miti. Na vyoo? Vyoo vilikuwa mashimo yaliyozungushiwa magunia, hakuna mlango, gunia lenyewe linaishia kifuani, na foleni ya wanawake imepinda mpaka kwenye njia wanayopita wanaume. Waliopanga yale mambo, wakisoma haya, nawaambia mimi mwanamke mzee niliyekuwepo: mlijenga lango kwanza.

Bi Mdogo aliitazama ile foleni. Kisha akaniambia hana kiu, maji yangu ninywe mwenyewe.

Tulianza kupanda asubuhi. Njia ya kupanda ni moja, nyembamba, kamba huku na huku, na hairuhusiwi kushuka kwayo. Kushuka ni upande wa pili wa mlima, ukishafika juu. Hema la matibabu liko chini kabisa penye lango, na jingine kileleni. Katikati hakuna kitu, mawe na watu tu. Na mahujaji wana imani yao, wanaambiana tangu kwenye mabasi, kwamba ukishaanza kupanda usigeuke. Ukigeuka, ombi lako linageuka na wewe. Watu wanadondosha mitandio yao na hawarudi nyuma kuiokota.

Mwanzoni alikwenda vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa nikilalamika, magoti yangu yanalia kama bawaba. Halafu nikasikia hatua zake nyuma yangu zinachelewa. Nikamngoja. Akafika, akapita bila kunitazama, akasimama mbele kidogo, akapita tena, akasimama. Kikohozi kikaanza, kikohozi chenye maji ndani.

"Pumzika."

"Nikikaa sitainuka."

"Basi simama tu."

"Nasimama. Huoni nimesimama?" Alikuwa anasema neno moja, anavuta, anasema jingine.

Mdomo wake ulikuwa umebadilika rangi, kama majivu. Povu jepesi lilikuwa limemtoka pembeni. Nikashika pindo la shuka lake nimfute, nikaona lina fundo. Nikalifungua ili nipate kitambaa cha kutosha. Vidonge vikaanguka kwenye mawe, vyeupe vidogo, vile vile nilivyompa kwa mkono wangu kila asubuhi.

Nilivitazama vikibingirika chini ya miguu ya watu. Nikamtazama yeye.

"Ulikuwa unaviweka shavuni."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtoto.

"Tangu lini?"

"Tangu basi," akasema. "Pale wanaume... dada... wanapita. Ningekwenda wapi?"

Nilitaka kumpiga. Naandika kama ilivyokuwa, mkono uliinuka. Halafu nikaona mashimo ya shingo yake yanavyozama kila akivuta pumzi, na mkono ukashuka wenyewe.

Juu kulikuwa mbali. Chini nako mbali, na njia imejaa watu wanaopanda, bega kwa bega, hata panya hapenyi. Nikamshika kiuno nikaanza kumgeuza. Akajikaza. Mwanamke hana pumzi ya kusema jina lake, lakini nguvu za kunishinda anazo.

"Sigeuki."

"Utakufa hapa, mpumbavu wewe!"

"Sigeuki, dada. Nimekuja... kuomba. Nikigeuka... nimeomba nini?"

Mlinzi wa njia akaja, mtu mzima mwenye kizibao cha njano na filimbi shingoni.

"Bibi, songa. Mnaziba."

"Mwenzangu anazama. Nataka daktari."

"Daktari yuko juu. Pandeni."

"Hawezi kupanda."

"Na kushuka hakuruhusiwi, bibi. Ukianza kushuka na huyu, watu watakanyagana. Pandeni taratibu, Mungu atasaidia."

"Mungu ndiye amekuvalisha hicho kizibao ili usisaidie wewe?"

Akapuliza filimbi. Ndiyo aliyokuwa nayo.

Nikasali pale. Haikuwa sala nzuri. Nilimwambia Mungu kwamba amemwita mtu huku akijua hana moyo, na njia aliyomwekea ni ya kwenda mbele tu, na kama hivyo ndivyo anavyopokea wageni basi mimi sina zaidi. Bi Mdogo hataki kushuka, hawezi kupanda. Nikafanya kitu pekee kilichobaki. Nikakaa chini.

Nilikaa katikati ya njia, nikamvuta akakaa nyuma yangu, mgongo wake kwenye mgongo wangu, uso wake kileleni, uso wangu kwa umati uliokuwa unakuja. Maana kumlaza nilijua ni kumwua. Nikanyoosha miguu yangu kwa upana wa njia.

"Hatupandi, hatushuki," nikamwambia mlinzi. "Tunakaa. Lete daktari tutaondoka."

Mara ya kwanza watu walidhani nimechoka. Kisha mstari ukasimama, na wa nyuma wakaanza kusukuma wa mbele.

"We bibi kizee, ondoka!"

"Kuna wagonjwa huku nyuma!"

"Na huku mbele kuna mmoja!" nikajibu. "Anza na huyu!"

"Ana pepo huyo mwanamke."

"Ninalo, na limekaa! Njoo ulinyanyue!"

Mlinzi alinishika mkono anivute. Nikamng'ata. Meno yangu ni machache lakini yanakutana. Nilikuwa naisikia mgongoni mwangu pumzi ya Bi Mdogo, fupi fupi, yenye mlio kama chungu kinachotokota, na kila ilipokawia nilidhani ndiyo ya mwisho.

Kipaza akafika akihema, amepenya kutoka nyuma. "Bi Mkubwa, unatuaibisha! Msafara mzima umesimama kwa ajili yako!"

"Hicho chombo chako kazi yake ni kutuimbisha tu? Ita muuguzi!"

"Hata nikiita, chini hawatasikia, ni mbali..."

"Hao walio nyuma yako wanasikia. Waambie wawaambie wenzao."

Akanitazama, akamtazama Bi Mdogo, na nadhani ndipo alipouona ule mdomo. Akainua kipaza sauti. "Muuguzi! Anahitajika muuguzi! Mgonjwa wa moyo! Pelekeni neno chini!" Watu waliokuwa wakinitukana wakageuza vichwa tu, miguu ikabaki pale pale, wakapiga kelele kwa waliokuwa nyuma yao: muuguzi, mgonjwa wa moyo. Na wale kwa wengine. Nikalisikia neno lile likiteremka mlima mdomo kwa mdomo, likawa dogo, likapotea.

Tukangoja. Ah, kungoja kule. Mwanamke mmoja mjamzito alichuchumaa akawa anampepea Bi Mdogo kwa kandambili yake. Hakuna aliyetukana tena.

Muuguzi alipanda akiwa ameinua mkoba juu ya kichwa, mwanamke mnene mwenye raba, jasho limemlowesha mpaka viatuni. Hakutoa salamu. Akaweka kipimo chake, lile sikio la chuma, mgongoni, akashika mguu, akaona.

"Vidonge?"

"Hakumeza. Aliogopa choo."

"Wa ngapi huyu leo," muuguzi akasema, si kwangu. Akafungua mkoba akatoa sindano. "Mama, nakuchoma dawa ya kutoa maji. Itayatoa haraka. Utakojoa, na utakojoa sana, hapa hapa ulipo. Sawa?"

Bi Mdogo akauvuta mkono wake akauficha chini ya shuka.

Muuguzi akanitazama. Nikageuka kwa kichwa tu, mgongo wangu usimwache. "Toa mkono."

"Nipelekeni... kwanza... penye choo."

"Choo hakuna. Toa mkono, Bi Mdogo."

"Watu."

Akasema neno hilo moja na machozi yakamtoka. Kulikuwa na maelfu ya watu. Walikuwa wanaume, wazee, viongozi, wote wamesimama wanatazama, maana mimi ndiye niliyewasimamisha. Na yeye alikuwa tayari kufa, sisemi kwa kupamba, alikuwa amekwisha kuamua, kuliko kukojoa mbele yao.

Nikavua mtandio wangu. Nikabaki kichwa wazi, mvi zangu nje, jambo ambalo hata mume wangu hakuliona mchana. Nikaushika kwa mikono miwili nikauinua. Haukutosha kuficha hata bega. Yule mjamzito akaelewa kabla sijasema. Akavua wake. Akaja mwingine akafungua shuka la kiunoni, akabaki na gauni. Mwingine, na mwingine, wanawake nisiowajua, wa misafara mingine, wakashikana pindo kwa pindo, wakatuzunguka.

"Geukeni nje!" mmoja akaamuru. "Macho nje, wote!"

Wakatupa migongo. Ukawa ukuta wa nguo za kila rangi, na ndani yake sisi watatu tu na kipande cha mbingu. Kisha mwanamke mmoja, sikumwona uso, akaanzisha wimbo kwa sauti kubwa kabisa. Wakaupokea wote. Sikuelewa mara moja ni wa nini. Walikuwa wanaimba ili mlio usisikike.

Bi Mdogo akatoa mkono.

Ilichukua muda. Halafu ikaja, ikaja sana, ikalowesha shuka lake na gauni langu na mawe, ikatiririka chini ya miguu ya wale wanawake, na hakuna aliyesogeza mguu. Alilia mwanzo hadi mwisho. Nami nikawa nasikiliza kwa mgongo. Chungu kikapunguza kutokota. Pumzi ikarefuka kidogo, ikarefuka tena.

"Dada," akasema baadaye.

"Nini?"

"Umekaa kwenye mkojo wangu."

"Nimeona."

"Miaka yote hii... nikikuficha."

Muuguzi akacheka, nami nikacheka, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nalia muda wote.

Muuguzi akasema lazima ashushwe chini, hospitali, hii sindano ni ya kuzima moto tu. Walinzi wenye vizibao walileta kiti cha plastiki na kamba. Bi Mdogo akaanza tena. "Sigeuki."

"Nani amekwambia ugeuke?" nikamwambia. Nikawaelekeza wabebaji. Wakamnyanyua juu ya kiti vile vile alivyokaa, uso kileleni, wakashuka naye kinyumenyume, kisigino kikitafuta jiwe, mmoja nyuma akiwaita, "Hatua! Shimo! Hatua!" Watu wakajibana kwenye kamba kumpisha. Njia ambayo hairuhusiwi kushuka ikafunguka katikati. Yeye akawa anautazama mlima mpaka ukajificha nyuma ya mahema.

Hospitali ya mji ule ilikuwa imejaa mahujaji. Walilala wawili wawili kitandani, wengine chini. Bi Mdogo alipewa nusu kitanda na mwanamke aliyevunjika nyonga, na mtungi wa hewa walioushiriki na kitanda cha jirani kwa zamu. Mito hakuna. Nikapanda kitandani, nikakaa nyuma yake mgongo kwa mgongo kama mlimani. Msimamizi wa wodi akasema hairuhusiwi. Nikamwambia alete mto nitashuka. Hakuleta.

Daktari, binti mwenye macho yaliyochoka, aliniita ukumbini.

"Mama, maji yametoka mengi, lakini moyo wenyewe umechoka sana. Na mapafu yameingiwa na ugonjwa. Tunajitahidi. Sitaki kukudanganya."

"Angekunywa vidonge?"

"Angekuwa na muda zaidi." Akasugua macho. "Kila mwaka wanaletwa hivi, mama. Wa moyo wanaacha vidonge, wa sukari wanaacha kula, wote kwa sababu ya safari. Tunaandika, tunasema. Mwaka unaofuata tunawapokea tena."

Kipaza alikuja, kwa mara ya kwanza mikono mitupu. Basi linaondoka, watu wana kazi zao, je, nitafanyaje.

"Liondoke."

"Bi Mkubwa, utabaki na nani hapa?"

"Huoni niko na nani?"

Sikumficha Bi Mdogo aliyosema daktari. Hatujawahi kudanganyana, tumetukanana tu. Alisikiliza. Akauliza kama hakugeuka.

"Hukugeuka. Mimi ndiye niliyekuwa nimekupa mgongo, nimeshuhudia."

"Sasa mbona..." Hakumaliza. Wanaojifanya wanalo jibu nawaomba wasije kwangu kunieleza.

Ilikuwa mchana, saa za kuona wagonjwa, wodi imejaa ndugu na vyombo vya chakula na watoto wanaolia. Aliniambia mgongo wangu ni mifupa mitupu. Nikamwambia yeye ni mzito kama gunia la makaa. Akaomba chombo kwa sauti, wanaume wamejaa wodini, "Muuguzi, niletee chombo, nataka kukojoa," na wala hakujifunika uso. Alipomaliza akaniegemea tena. Pumzi yake niliihesabu kwa mgongo wangu, kama nilivyozoea. Ilikuja ndefu. Ikaja nyingine, ndefu zaidi, tulivu. Nikangoja inayofuata.

Mwanamke wa nyonga ndiye aliyeita watu. Wakaja, wakamshika mkono, wakamfunua macho. Msimamizi wa wodi akaniambia kwa upole, nilimshangaa, "Mama, shuka sasa tumlaze."

Nikamwambia angoje. Akasema tena. Nikamwambia mwenzangu hawezi kulala chali, anazama, asubiri kwanza. Nikabaki nimekaa pale, nimeukaza mgongo ili asianguke.